Haki zilizozaliwa getini Kilindini

Mfanyakazi aliyeajiriwa rasmi nchini Kenya ana siku 21 za likizo yenye malipo kila mwaka. Kwa kawaida hawezi kuachishwa kazi bila notisi, akiugua ana siku za kupumzika bila kukatwa mshahara, na mama aliyejifungua ana miezi 3 ya likizo ya uzazi. Ukiuliza haya yalitoka wapi, wengi watakutajia Bunge, au Katiba ya 2010. Jibu la kweli linaanzia mbali zaidi, mbele ya geti la bandari ya Kilindini, Mombasa, alfajiri ya miaka ya 1930.

Magati ya maji marefu yalikuwa yameanza kupokea meli mwaka 1926. Leo meli zimejaa, kampuni zinataka watu mamia. Kesho bandari ni tupu. Kwa hiyo hakuna aliyeajiriwa kwa zaidi ya siku moja. Serahangi, yaani mkuu wa genge, alisimama mbele ya umati na kuchagua: wewe, wewe na wewe. Walioitwa waliingia kwenye meli kubeba magunia, wengine walirudi Majengo au Mji wa Kale mikono mitupu. Jioni vibarua walipokea fedha zao na hapo mkataba ukaisha. Mtu akiteguka mgongo saa 5 asubuhi, keshoye serahangi alimchagua mwingine, na mambo yaliendelea kana kwamba yule wa jana hakuwahi kuwapo.

Lakini tusiwafanye wazee hawa kuwa watu waliokuwa wakionewa tu bila akili yao. Wengi walikipenda kibarua, na walikuwa na sababu. Bara, Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1906 ilifanya kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa kosa la jinai. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati, na humo mwajiri aliandika alichotaka. Kibarua wa Mombasa hakuwa na bwana wa mwezi. Akitaka kufunga Ramadhani kwa utulivu, hakwenda. Shamba likiita, alikwenda shamba. Pwani ilikuwa na kumbukumbu ya karibu: kabla utumwa haujafutwa pwani ya Kenya mwaka 1907, watumwa wa mjini walikuwa wakikodishwa kwa siku na kugawana ujira na mabwana zao. Kwa wajukuu wa watu hao, kupokea ujira wote mkononi na kuamua mwenyewe kama kesho utatoka halikuwa jambo dogo.

Kilichowaumiza ni maisha ya mjini yenyewe. Kodi ya chumba ilipanda, na baadaye, Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, bei ya chakula ikapanda nayo. Julai na Agosti 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, wakianza wale wa idara za serikali na kufuatiwa na watu wa bandari, na dai lao kubwa lilikuwa posho ya nyumba. Serikali iliunda tume, tume ikaandika ripoti. Migomo ilirudi mwaka 1942. Mwaka 1945 ikaundwa kamati nyingine ya uchunguzi.

Ndipo ikaja Januari 13, 1947. Watu wapatao 15,000 waliweka kazi chini: wa bandari, wa reli, wa mahoteli, wapishi na watumishi wa majumbani. Mji mzima ulisimama kwa siku 12. Kila siku walikutana katika uwanja waliouita Kiembeni, wakajadili na kuamua pamoja, na hapo ndipo lilipopata nguvu Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika chini ya Chege Kibachia. Kuli na karani, Mwislamu wa pwani na Mkikuyu aliyeshuka kwa treni, walikaa kwenye uwanja mmoja wakidai jambo moja. Mwisho wa mgomo serikali iliteua baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker, na mishahara ikaongezwa. Agosti mwaka huo huo Kibachia alikamatwa na kupelekwa Baringo, akakaa kizuizini miaka 10. Jina lake linastahili kujulikana na kila anayepokea hati ya mshahara Kenya leo.

Moto ule haukubaki Mombasa. Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukafuata njia ya reli kuelekea bara. Mwaka uliofuata, Agosti na Septemba, ilikuwa zamu ya Zanzibar, ambako pia wapakuzi wa bandari ndio walioanza.

Wakoloni walijifunza jambo ambalo vibarua walilijua zamani: mtu anayeajiriwa upya kila asubuhi hana kazi ya kupoteza akigoma. Jumatatu anagoma, Jumatano anarudi getini, na hakuna wa kumfuta. Dawa waliyoiona ni kumfunga kwa manufaa. Katika miaka ya 1950 vibarua wa Kilindini waliandikishwa, idadi yao ikapunguzwa, waliohudhuria zamu chache wakaondolewa kwenye daftari, na waliobaki wakasogezwa hatua kwa hatua kuelekea mshahara wa mwezi. Huko ndiko likizo yenye malipo, malipo ya ugonjwa na notisi vilikopata makao. Havikutolewa kwa hisani. Vilitolewa na watu walioogopa Kiembeni nyingine, na bei yake ilikuwa uhuru wa kibarua wa zamani kupanga siku zake.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Machi 1955 bandari iligoma tena. Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alishuka kutoka Nairobi kuwasemea wafanyakazi, na nyongeza iliyopatikana ilikaribia thuluthi ya mshahara. Mboya huyo huyo, akiwa Waziri wa Kazi, alisimamia Mkataba wa Mahusiano ya Kazi wa 1962 kati ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi. Mahakama ya Kazi ilifuata mwaka 1964, na mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, mwaka 1965. Sheria ya Ajira ya 1976 ilimpa mama miezi 2 ya likizo ya uzazi, lakini ikamnyang'anya likizo yake ya mwaka huo, kana kwamba kunyonyesha ni mapumziko. Dhuluma hiyo iliondolewa na Sheria ya Ajira ya 2007.

Sheria hiyo ya 2007 ilimkumbuka kibarua pia. Inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinaongeza kwamba akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au kazi yenyewe ikiwa haitarajiwi kwisha ndani ya miezi 3, ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mwezi, mwenye haki ya notisi. Waajiri wajanja wanakijua kifungu hicho vizuri. Ndiyo maana watu wanaambiwa wapumzike siku chache mwezi unapokaribia kwisha, kisha wanaitwa tena waanze moja. Huyu hana uhuru wa kibarua wa 1935, kwa sababu akikosa siku moja jina lake linafutwa, na hana kinga ya mwajiriwa. Kwa maoni yangu, huo ni wizi wa kile kilichogomewa mwaka 1947, na wakaguzi wa kazi wanapaswa kuutendea hivyo.

Wewe unayeingia getini kila alfajiri, nunua daftari. Andika tarehe, saa ulizofanya kazi, kiasi ulicholipwa na jina la msimamizi, na utunze kila ujumbe wa malipo kwenye simu. Mwajiri akishindwa kuleta mahakamani masharti ya kazi yaliyoandikwa, sheria inamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa. Lakini kesi lazima ifunguliwe ndani ya miaka 3, kwa hiyo usikae na daftari hilo nyumbani.