Usiku Ule Ulikuwa Kesha



Wiki hii simu yangu imejaa maswali ya aina moja. Dada mmoja ameandika: "Pasta, mwajiri wangu wa Lavington anataka nimsaidie kupamba nyumba kwa mabuibui ya plastiki, ni dhambi?" Mzazi mwingine anauliza kama amruhusu mtoto kwenda shule na mavazi ya Halloween. Wengine mmenitumia mabango ya sherehe za tarehe 31 Oktoba kule Westlands na Kilimani, mkitaka kujua kama nitazikemea Jumapili.

Nitajibu. Lakini kwanza nina jambo la kuungama, kisha nikupitishe kwenye historia kidogo, maana pale nilipokosea, nilikosea kwa kutoijua.

Unakumbuka Oktoba ya 2017. Uchaguzi wa marudio ulikuwa Alhamisi tarehe 26. Ijumaa jioni Kawangware ikawaka. Jirani alimgeukia jirani, vibanda vikachomwa, watu wakauawa. Jumapili tarehe 29 tulikuwa wachache kanisani, na kila mlango ulipolia tuligeuka kuangalia nani anaingia. Mama mmoja alifika na kijana wake wa miaka saba. Kijana alikuwa amevaa nguo nyeusi nzito, na juu yake imechorwa mifupa myeupe, mbavu kifuani na vidole mikononi.

Mimi nilikuwa nimesoma kijitabu kimoja kilichosema Halloween ni sikukuu ya Samhain, mungu wa kifo wa watu wa kale wa Ulaya. Nikasimama madhabahuni nikasema mbele ya wote kwamba haiwezekani damu imwagike mtaani Ijumaa, halafu Jumapili tuingize vazi la mungu wa kifo katika nyumba ya Bwana. Nikamwambia yule mama amvue mtoto.

Alimvua. Ndani kulikuwa na fulana iliyochanika. Waliondoka kabla ya sadaka, na hawakurudi.

Baadaye ndipo nilipoambiwa. Usiku wa Ijumaa mama yule alikuwa amekimbia na mtoto hadi kwa dada yake Kibera bila kubeba chochote. Mtoto alikuwa anatetemeka kwa baridi. Shangazi akafungua sanduku akatoa nguo nzito kuliko zote alizokuwa nazo, aliyoinunua Toi kwenye mitumba. Nguo kama hizo hufika ndani ya marobota kutoka nchi ambako familia huzivaa usiku mmoja tu, kisha huzitoa. Hakuna kati yao aliyejua neno Halloween. Neno hilo nililileta mimi.

Sasa tuje kwenye historia, mpendwa, ili wewe usirudie kosa langu.

Samhain si jina la mungu. Ni neno la Kigaeli, lugha ya Ireland, na wataalamu wengi wanalieleza kama mwisho wa kiangazi. Ilikuwa sikukuu ya wafugaji. Ikifika mwanzo wa Novemba, ng'ombe walirudishwa kutoka malisho ya mbali, moto ukawashwa, na watu wakajiandaa kwa miezi ya giza. Waliamini pia kwamba usiku huo viumbe wa ulimwengu mwingine husogea karibu. Maandishi tuliyonayo kuhusu Samhain yameandikwa na Wakristo wa Ireland karne nyingi baada ya injili kufika kule. Ule uvumi wa "mungu wa kifo" ulienezwa na mwandishi wa karne ya 18, nasi wahubiri tukaunakili bila kuuliza.

Na neno Halloween je? Hilo limetoka kanisani. Ni ufupisho wa Kiingereza wenye maana ya mkesha wa Watakatifu Wote. Mwaka 609, Papa Bonifasi wa Nne alichukua hekalu la kipagani la Roma liitwalo Pantheon, akaliweka wakfu kwa Maria na mashahidi wote waliouawa kwa ajili ya imani. Siku yao iliadhimishwa mwezi wa Mei. Karne ya 8, Papa Gregori wa Tatu aliweka wakfu kanisa dogo la watakatifu wote ndani ya Mtakatifu Petro. Mwaka 835 tarehe 1 Novemba ikathibitishwa katika milki ya Wafaranki. Karibu na mwaka 1000, abati Odilo wa Cluny akaanzisha tarehe 2 Novemba kuwa siku ya kuwaombea marehemu wote, siku ambayo majirani zetu Wakatoliki wanaishika mpaka leo.

Kwa hiyo usiku wa 31 Oktoba ulikuwa kesha. Sisi tunajua kesha ni nini. Ijumaa ngapi tumekesha ndani ya mabati yetu tukiimba mpaka matatu ya kwanza yaanze kupiga honi? Watu wa zamani walikesha wakiwakumbuka waliokufa katika Bwana. Huko Uingereza maskini na watoto walipita nyumba kwa nyumba wakipewa mikate midogo, nao wakaahidi kuwaombea marehemu wa nyumba ile. Watafiti wengi huona hapo mojawapo ya mizizi ya watoto wa Marekani kugonga milango wakiomba peremende.

Sisi hatuwaombei wafu, na Kumbukumbu la Torati 18 inatukataza kutafuta habari kwao. Mwaka 1517, siku hiyohiyo ya 31 Oktoba, Martin Luther alimwandikia askofu mkuu wake kupinga biashara ya vyeti vya msamaha wa dhambi, na inasimuliwa kwamba alizibandika hoja zake 95 kwenye mlango wa kanisa la Wittenberg. Kanisa hilo lilikuwa la Watakatifu Wote, na kesho yake watu wangefurika humo kwa sikukuu. Mageuzi ya Waprotestanti tunayoyashukuru yalizaliwa katika kesha hilo.

Lakini angalia kilichofuata, maana hapa ndipo penye somo. Huko Scotland, mwaka 1560, wanamageuzi waliamua sikukuu zote za watakatifu ziondolewe. Walifagia nyumba ikawa safi. Je, kesha lilikufa? Halikufa. Mwaka 1785 mshairi Robert Burns aliandika shairi refu lenye jina hilohilo, Halloween, na ndani yake vijana wa mashambani wanatabiri wachumba. Wanachoma njugu wakiangalia kama zitaungua pamoja au zitarukiana mbali. Wanang'oa mashina ya mboga jamii ya sukuma wiki gizani, na umbo la shina ndilo umbo la mume au mke. Kanisa liliondoa mashahidi wa Kristo katika usiku ule, na katika nafasi yao ukakaa uaguzi. Scotland na Ireland ndiko desturi za Halloween zilikobaki na nguvu kuliko kwingine.

Yesu alisema habari za pepo aliyemtoka mtu, akarudi akakuta nyumba imefagiliwa na kupambwa, akaenda kuleta wengine saba wabaya kuliko yeye. Soma Luka 11:24-26. Nyumba ile ilikuwa safi, na hatari yake ilikuwa kwamba haikuwa na mwenyewe ndani.

Njaa kuu ya Ireland, iliyoanza 1845 viazi vilipooza shambani, iliua watu wapatao milioni moja na kuwasukuma wengine zaidi ya milioni kuvuka bahari. Walifika Marekani na desturi zao. Kwao walichonga mboga za mizizi kuwa taa. Marekani walikuta malenge, makubwa na rahisi kuchonga. Ndiyo malenge hayohayo ambayo mimi nilikua nikiyala asubuhi na chai, kwa hiyo usiyaogope sokoni.

Vijana wa Marekani wakaufanya usiku ule kuwa wa fujo. Katika mji wa Anoka, jimbo la Minnesota, wakazi waliamka na kukuta ng'ombe wamefunguliwa wanazurura barabara kuu, madirisha yamepakwa sabuni, vyoo vya nje vimepinduliwa. Mwaka 1920 viongozi wa mji huo walikaa wakatafakari. Hawakuongeza viboko. Waliandaa maandamano ya mtaani, mji mzima ukatoka, na watoto wakapewa bisi, njugu na peremende, moto ukawashwa katikati ya mji. Anoka hujivunia kuwa mji wa kwanza Marekani kuandaa sherehe kama hiyo. Sherehe nyingi za familia unazoziona leo kwenye simu, zenye vibanda na michezo ya watoto, zinafuata wazo hilo, kwamba ukitaka usiku uwe salama, watu wazima watoke nje wakae barabarani pamoja na watoto.

Nimelifikiria jambo hilo sana, kwa sababu sisi wa Kibera na Kawangware hatuhitaji barakoa ili kuogopa usiku. Mtoto wetu anajua harufu ya kibanda kinachoungua. Kifo hapa tunakijua kwa mikutano ya matanga kila jioni, na mabasi yanayobeba jeneza kwenda nyumbani. Wazee wetu walikijua pia. Wajaluo wana tero buru, ambapo wanaume huandamana na ng'ombe, ngoma na mikuki kukifukuza kifo baada ya mtu mzima kufariki. Binadamu kila mahali ameona kifo ni adui na amejaribu kukipigia kelele. Sisi tunahubiri kwamba yuko aliyekishinda, siku ya tatu.

Ndiyo maana kukemea peke yake hakutoshi. Miaka mingi nilikuwa hodari wa kufagia. Nilikataza hiki, nikakataza kile, na kila 31 Oktoba watoto wakabaki kwenye korido za ploti bila mtu, shule zimefungwa, mama yuko kazini Lavington mpaka usiku. Nilifagia nyumba nikaiacha tupu.

Na tuna watu wa kuijaza! Waebrania 11 inataja mashujaa wa imani, na sura ya 12 inasema wametuzunguka kama wingu. Wa kwetu wamo. Vijana wa Namugongo, Uganda, walichomwa tarehe 3 Juni 1886 kwa sababu hawakumkana Yesu. Askofu mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977 chini ya Idi Amin. Kabete, jirani zetu hapa, mkutano mkubwa wa uamsho ulifanyika 1949, na miaka michache baadaye, wakati wa hali ya hatari, baadhi ya ndugu wa uamsho walikataa kula kiapo na kukataa pia kushika bunduki, wakauawa. Mtoto wako anajua jina la buibui wa sinema. Je, anamjua Luwum?

Nilichukua muda mrefu kumtafuta yule mama. Nilipompata nilimwomba msamaha mbele ya mtoto, kwa kuwa aibu pia niliitoa mbele ya watu. Alininyamazia, akanipa chai. Kijana ndiye aliyeuliza: "Pasta, kwani wewe huna mifupa?" Nilikosa jibu. Nilipofika nyumbani nilifungua Ezekieli 37, lile bonde la mifupa mikavu, na kuona kwamba Mungu hakumwambia nabii aikimbie ile mifupa. Alimwambia aitabirie iishi.

Sasa majibu yenu. Dada wa Lavington, fanya kazi yako kwa uaminifu. Naamani alimweleza Elisha kwamba kazi itamlazimu kuingia na bwana wake katika hekalu la kigeni, na nabii akamwaga kwa amani (2 Wafalme 5:18-19). Mzazi, iulize shule watafanya nini hasa. Wakiigiza mizimu na uaguzi, zungumza na mwalimu kwa upole. Wakiruhusu vazi lolote, mvalishe shujaa wa imani na umfundishe habari zake. Na wewe ambaye dhamiri yako inakataa kabisa, usishiriki, lakini usimhukumu ndugu yako; soma Warumi 14. Mimi mwenyewe Halloween siisherehekei. Ila sitasema tena uongo kuipinga, maana Mungu wa kweli hatetewi kwa uongo. Na mtoto asiaibishwe kanisani kwa sababu ya nguo, kamwe.

Mwaka jana tulijaribu jambo dogo. Kwa idhini ya wazee wa mtaa tulifunga kichochoro mbele ya kanisa pale Kawangware, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Akina mama walikaanga mandazi, vijana wakapiga isukuti, na kila mtoto akasimama akataja mtu mmoja aliyemwonyesha Mungu. Wengi walitaja nyanya zao. Watoto wa Wakatoliki walikuja, wa Waislamu pia. Stima zilipopotea, yule kijana, ambaye sasa ananipita kimo, akaja na taa za sola akazitundika kwenye kamba za nguo.

Mwaka huu ushirika wetu wa Kibera utafanya pia. Tunahitaji unga, mafuta, sukari, taa, na zaidi ya yote watu wazima wa kukaa nje na watoto. Andika hapa chini utaleta nini. Kama kuna mtu uliyemwaibisha kwa jina la Mungu, mtafute kabla ya siku hiyo.

Tuombe. Baba, tusamehe tulipofagia bila kujaza. Linda vichochoro vyetu usiku, wafariji wanaoomboleza, na uwape watoto wetu mashahidi wa kuwafuata. Katika jina la Yesu. Amina.