Mbung'o wa njia ya Tabora

Katika karne ya 19, pembe za ndovu zilitoka Tabora hadi Bagamoyo zikiwa zimebebwa na watu. Mpagazi alichukua frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, kwa mwendo wa kilomita zipatazo 800. Kulikuwa na sababu nyingi za kuchukuza watu badala ya wanyama, lakini kubwa ilikuwa mdudu: mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Alipomuuma ng'ombe au farasi alimwachia vimelea vya nagana, na mnyama alikonda hadi kufa. Mwaka 1877 wamisionari kutoka London walijaribu kupitisha magari ya maksai kutoka Saadani kwenda Mpwapwa, na maksai wakawafia. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji akaleta tembo wanne kutoka India, wakateremshwa Msasani. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema kwenye Ziwa Tanganyika, naye hakuishi muda mrefu.

Hata hivyo Unyanyembe, nchi inayoizunguka Tabora, kulikuwa na ng'ombe na maziwa. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke, waliofika Kaze, yaani Tabora, mwishoni mwa 1857, walikuta mashamba mapana na mifugo kuzunguka makazi. Jambo hili linaeleweka kwa kufuata nani anamla nani. Mbung'o dume na jike hawana chakula kingine ila damu. Jike hatagi mayai. Huzaa buu mmoja kila baada ya siku tisa au kumi, na buu huyo hujifukia kwenye udongo ulio kivulini. Kwa hiyo mbung'o anahitaji miti impe kivuli na wanyama wampe damu. Miti na majani ya miombo hutumia nguvu za jua kujitengenezea chakula. Ngiri, pofu na nyati hula majani na mizizi. Mbung'o hunyonya damu yao, na ndani ya mbung'o huishi kimelea. Wanyama hao wa porini huwa na kimelea bila kudhurika sana. Mkulima aliyekata miti, akalima na kuwinda karibu na kijiji alikuwa anaukata mlolongo huo mahali pawili. Mbung'o alibaki katika mapori yaliyotenganisha makazi, na huko ndiko misafara ilikopita.

Mizani hiyo ilivunjika miaka ya 1890. Sotoka iliyoingia kutoka kaskazini iliua ng'ombe, nyati na swala kwa wingi. Kwa muda mbung'o naye alikosa chakula akapungua. Ndui, njaa, vita vya Wajerumani, kisha Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 viliwapunguza watu na kuacha mashamba bila wa kuyalima. Wanyamapori waliongezeka tena upesi kuliko watu na ng'ombe, vichaka vikafunika mashamba, na mbung'o akafuata. Mwaka 1922 malale, ugonjwa wa watu unaoenezwa na mbung'o, yaligunduliwa Maswa, na baadaye yakaonekana katika nchi ya Tabora. Serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu kutoka mapori yaliyoathirika na kuwakusanya katika makazi makubwa. Watu walilipa gharama kubwa: waliacha makaburi ya wazee wao, mizinga ya nyuki na mashamba yaliyokwisha kufyekwa.

Ili kujua kama ufyekaji au uchomaji wa majani unapunguza mbung'o, ilibidi wahesabiwe. Kazi hiyo ilishamiri Shinyanga chini ya C. F. M. Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o Tanganyika hadi alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Njia iliyozoeleka ilikuwa kupita porini kwenye mstari uliopimwa, wakati mwingine na ng'ombe wa chambo, na kusimama kila baada ya hatua kadhaa kunasa mbung'o kwa nyavu za mkono. Idadi ya madume walionaswa ililinganishwa na urefu wa mstari, kwa kila yadi 10,000. Madume walichaguliwa kwa sababu hufuata chochote kinachotembea, wakingoja majike wanaokuja kula. Ripoti zina majina ya wataalamu wa Kiingereza, lakini walioshika nyavu na kutembea juani walikuwa wenyeji, na bila macho yao takwimu hizo zisingekuwapo.

Kasoro ya njia hiyo ni kwamba hupima wanaokuja kwa mtu, wala si walio porini. Mbung'o walioshiba hutulia kwenye magogo na hawaonekani. C. H. N. Jackson, aliyefanya kazi Tanganyika, alichapisha mwaka 1933 makala juu ya wingi wao halisi. Aliwatia doa la rangi mgongoni, akawaachilia, kisha akanasa tena. Wakiwekwa alama mbung'o 100, na baadaye wakinaswa 50 ambao watano kati yao wana alama, basi wenye alama ni sehemu moja ya kumi ya wote, na pori lina mbung'o wapatao 1,000. Hesabu hiyo ilikuwa imeshafikiriwa kwa samaki wa Denmark na mabata wa Marekani. Kwa mbung'o ugumu uliongezeka, kwa sababu kati ya kutia alama na kunasa tena wengine hufa na wapya hutoka ardhini. Jackson alirudia alama mara kwa mara, kwa rangi na mahali tofauti mwilini, akaweza kukadiria vifo na vizazi pia.

Ilibaki kujua damu iliyo tumboni mwa mbung'o ni ya nani. Miaka ya 1950 vipimo vya maabara viliweza kutambua mnyama aliyenyonywa, na kwa mbung'o wa miombo ngiri alijitokeza kuwa chakula kikuu. Pundamilia, walioonekana kwa urahisi na kupigwa risasi kwa maelfu katika nchi kadhaa za Afrika, walikuwa na sehemu ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Ngiri hulala shimoni usiku na hutembea mchana, saa zilezile mbung'o anapotafuta chakula, na ngozi yake yenye manyoya machache haimzuii mdudu huyo.