Jina na Mipaka ya Kwao: Suala la Cornus sericea

Kichaka chenye matawi mekundu kinachoota kandokando ya mito na vinamasi vya Amerika Kaskazini kimeitwa vitabuni Cornus stolonifera, Cornus sericea, na wakati mwingine Cornus alba. Ukiuliza kwao ni wapi, jibu litategemea umefungua kitabu kipi. Hoja yangu ni kwamba eneo la asili la spishi haliwezi kuelezwa sawasawa bila kutaja jina lake limetumika kwa maana ya nani. Tumezoea kuigawa kazi hii: huyu anashughulika na majina, yule na ramani. Kwa mmea huu mgawanyo huo umezaa makosa mengi.

Mwaka 1767 Linnaeus alilitoa jina C. alba kwa kichaka ambacho leo tunakijua kuwa cha Siberia, Mongolia, kaskazini mwa China na Korea. Mwaka 1771 akaongeza C. sericea, wa Amerika Kaskazini. Katikati hapo, mwaka 1768, Philip Miller wa London alikuwa ameuita mmea mwingine wa mashariki mwa Marekani C. amomum. Mwaka 1803 kikatoka kitabu cha mimea ya Amerika Kaskazini cha André Michaux, Mfaransa ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki akiwa Madagaska, na humo likaonekana jina C. stolonifera, kwa sababu matawi ya chini ya kichaka hiki hugusa udongo, yakatoa mizizi na kuanzisha shina jipya.

Majina yakawa manne na spishi tatu. Vurugu ilianza pale vitabu vingi vya karne ya 19 vilipolichukua sericea na kuupa mmea wa Miller, ambao matunda yake ni ya buluu, huku kichaka chenye matunda meupe kikiachiwa jina la Michaux. Matumizi hayo yalikwisha kuota mizizi F. R. Fosberg alipochapisha hoja yake mwaka 1942: jina la Linnaeus la 1771 lilihusu tangu mwanzo kichaka kilekile kilichokuja kuitwa stolonifera. Kwa kuwa kanuni za kutaja mimea hulipa haki jina lililotangulia kuchapishwa kihalali, stolonifera likawa kisawe.

Hapo ndipo ramani inapoingia. C. sericea kwa maana ya Fosberg huenea kutoka Alaska hadi Newfoundland, na kwa upande wa magharibi hushuka na milima hadi kaskazini mwa Meksiko. Majimbo ya kusini-mashariki kama Florida haumo. C. sericea wa vitabu vya zamani ni mmea wa mashariki tu. Anayekusanya kumbukumbu za hebaria kwa kufuata jina tupu anaunganisha mimea miwili, na kosa lake ni gumu kuonekana kwa sababu kaskazini-mashariki mwa Marekani mimea hiyo huota pamoja. Lebo isiyotaja rangi ya tunda wala mwandishi wa jina haimsaidii kitu.

Suala la C. alba ni zito zaidi. Mwaka 1910 Walther Wangerin aliushusha mmea wa Amerika ukawa nususpishi ya ule wa Asia, na wapo wanaomfuata hadi leo. Hawakosi sababu. Matawi mekundu, maua meupe madogo na matunda meupe ni ya pande zote mbili, na majani hutofautiana kidogo sana. Lakini kokwa ni ushahidi ninaouthamini: la mmea wa Asia huchongoka ncha zote mbili, la mmea wa Amerika ni la mviringo upande wa chini. Ukiongeza kwamba bahari imeitenga mimea hii, naona haki ya kuiacha kuwa spishi mbili.

Uamuzi huu una uzito nje ya maktaba. Katika Uingereza, Ireland na Uswisi kichaka cha Amerika kimetoroka bustani na kuota mwituni kwenye ardhi chepechepe, na wahifadhi hukihesabu miongoni mwa mimea ya kigeni inayobana mimea ya hapo. Ukikiunganisha na C. alba, ambao kwa asili hufika hadi kaskazini mwa Urusi ya Ulaya, orodha ya bara zima itasema spishi hiyo ni ya asili ya Ulaya. Mmea mgeni unapata uenyeji kwa kalamu ya mtaalamu wa majina, na mhifadhi anayetaka kuung'oa analazimika kwanza kubishana na orodha.

Afrika Mashariki ina kesi yake. Mti wa misitu ya milima yetu, ulioelezwa na Harms mwaka 1895 na kuitwa Cornus volkensii kwa heshima ya Georg Volkens aliyekusanya mimea Kilimanjaro, una miti dume na miti jike, tabia isiyo ya kawaida katika jenasi hii. Mwaka uleule wa 1942 Hutchinson aliutenga katika jenasi ya peke yake, Afrocrania. Ukimfuata, Cornus haina mwakilishi wa asili katika Afrika ya kitropiki. Ukimkataa, inaye, kuanzia milima ya Kenya na Tanzania na mashariki mwa Kongo hadi Zimbabwe. Uchunguzi wa DNA umeuweka mti huu ndani ya Cornus, jirani na Cornus mas wa Ulaya na ndugu zake wa Asia. Kwa hiyo hapa naunga mkono kuunganisha, ingawa kule Amerika nilitetea kutenganisha: ushahidi wa ukoo ndio unaoamua, na orodha za mimea ya Mlima Kenya na Kilimanjaro ziandike Cornus volkensii Harms, jina la mwandishi likiwa limeambatanishwa.