Mkono na Hiari: Vitenzi vya Kuchagua katika Kiingereza

Katika kamusi nyingi za Kiingereza kwa Kiswahili, kitenzi "chagua" kimebebeshwa mzigo mkubwa. Anayetafuta "choose" hupewa "chagua". Akitafuta "pick", "select" au "elect" hupewa "chagua" hilohilo, pengine likifuatwa na "teua". Darasani huongezwa kwamba maneno haya yana maana moja ila yanatofautiana kwa urasmi: "pick" la maskani, "select" la ofisini, "choose" la kati. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayafiki mbali. Hayasemi kwa nini Mwingereza husema "she chose to leave", yaani aliondoka kwa kupenda mwenyewe, na kamwe hasemi "she selected to leave", hata akiwa mbele ya jaji.

Kinachoyatenganisha ni aina ya kitu kinachochaguliwa. "Pick" na "select" ni maneno ya mkono: huhitaji vitu vilivyokwisha kuwekwa mbele ya mtu, naye atoe kimoja au vichache kati ya vingi. "Choose", "opt" na "prefer" ni maneno ya hiari, na kwa sababu hiyo hukubali kufuatwa na kitenzi kingine: "choose to speak", "opt to stay", "prefer to walk". "Elect" lina mguu mmoja huku na mmoja kule.

"Choose" ni neno la wenyeji. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "ceosan", na shina lake la mbali lilihusu kuonja. Kilatini kina ndugu yake, "gustare", lenye maana hiyohiyo. Kuchagua, kwa asili hii, ni kazi ya ulimi: mtu huonja kwanza ndipo akubali. Ajabu ni kwamba nomino "choice" haikuzaliwa na kitenzi hicho hapo Uingereza. Makabila ya Kijerumani yaliyoingia Ufaransa ya leo yaliacha huko kitenzi cha ukoo uleule, kikawa "choisir" kwa Kifaransa, na nomino yake ikavuka bahari katika zama zilizofuata ushindi wa Wanormani wa mwaka 1066. Nomino ya wenyeji, "cyre", ikafa. "Choose" na "choice" hufundishwa kama mama na mwana, kumbe ni mabinamu waliokulia nchi mbili. "Decide" halimo katika ukoo huu, ingawa huandamana nao: linatokana na kitenzi cha Kilatini cha kukata, na Mswahili anayekata shauri hahitaji kuelezwa zaidi.

"Pick" limeshikamana na ncha ya kidole. Maana zake za mwanzo ni za kudonoa na kuchoma kwa kitu chenye ncha, na matumizi ya leo bado yananukia asili hiyo. Anayechuma karafuu, anayechokonoa meno, anayechomoa pochi mfukoni mwa mwenzake, anayefungua kufuli kwa waya, hata anayechokoza ugomvi: Kiingereza huwatosheleza wote kwa "pick". Kiswahili kina kitenzi kwa kila mmoja. Hapa ndipo mfasiri asiye makini hujikwaa, kwa kudhani kwamba neno fupi ni neno jepesi.

Mfano ulio wazi zaidi umo jikoni. Mtu ameketi na ungo wa mchele, macho kwenye punje, kidole gumba na cha shahada vikinyanyua changarawe na chuya na kuzitupa pembeni. Kiswahili huiita kazi hiyo kuchagua mchele, ilhali vidole vinanyanyua kile kisichotakiwa, na kinachochaguliwa hakiguswi. Kiingereza hugawa tendo hilo kwa vijineno vinavyofuata kitenzi: "pick over" huhusu mchele wote ulio ungoni, "pick out" huhusu changarawe inayotolewa. Ukisema "pick the rice" tupu, msikilizaji ataona watu shambani wanavuna.

Sifa zinazotokana na vitenzi hivi huonyesha pia jinsi wasemaji wanavyomhukumu mchaguaji. "Picky" na "choosy" ni lawama, "selective" mara nyingi ni heshima. Chuo kinachokataa waombaji wengi huitwa "selective" na hujivunia; mtoto anayekataa mboga ni "picky". Mchagua nazi wa methali, yule anayeishia kupata koroma, ni "picky". Akiitwa "selective" methali inapoteza makali yote.

Heshima hiyo ya "select" ina sababu yake. Neno linatokana na Kilatini "legere", kukusanya, pamoja na kiambishi cha kuweka kando. Kwa hiyo hudokeza kigezo, na mwenye kukisimamia. Dokezo hilo lilimtia mwanasayansi Charles Darwin matatani. Kitabu chake cha 1859 kilieneza istilahi "natural selection", ambayo Kiswahili huiita uteuzi asilia, na wasomaji kadhaa wakauliza: nani anayeteua? Mwaka 1866 mwanasayansi mwenzake, Alfred Russel Wallace, alimwandikia akimshauri atumie maneno ya mwanafalsafa Herbert Spencer, "survival of the fittest", kwa kuwa "selection" lilifanya maumbile yaonekane kama mtu mwenye akili na kusudi. Darwin aliyaingiza maneno hayo katika toleo la tano, 1869, bila kuliacha lile la kwanza. Kiswahili kwa kutumia "uteuzi" kimeurithi mgogoro huo ukiwa umekolea zaidi, maana kuteua ni kazi ya mwenye mamlaka.

"Elect" ni ndugu wa "select" kwa shina, lakini limepita kanisani na mahakamani. Katika teolojia "the elect" ni wateule wa Mungu. Katika sheria limepata maana ya kutumia haki ambayo sheria yenyewe imekupa: nchini Uingereza, mshtakiwa wa makosa ya aina fulani huweza "elect" kusikilizwa kesi yake mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Katika maana hiyo linasimama upande wa hiari, na huruhusiwa kufuatwa na kitenzi.

Katika siasa za Afrika Mashariki neno hili huleta utata wa kweli. Katiba ya Kenya ya 2010, kwa Kiingereza, hutenga wabunge 290 wa majimbo na wanawake 47 wa kaunti, wote "elected", na 12 walio "nominated" na vyama. Hapo hakuna wa kuchanganyikiwa. Lakini "president-elect" kwa Kiswahili ni rais mteule, ingawa alipigiwa kura wala hakuteuliwa na yeyote. Na "mbunge mteule" huweza kuwa aliyeshinda akisubiri kuapishwa, au aliyepewa kiti na chama bila kusimama jukwaani. Tanzania, ambako Katiba humruhusu Rais kuteua wabunge wasiozidi 10, husema kwa uangalifu zaidi "wabunge wa kuteuliwa".

"Prefer" halina mkono kabisa. Anayesema "I prefer tea" huenda hajanywa chochote leo. Mtego wake uko kwenye nomino: "preference" halina doa, "upendeleo" linanuka rushwa. Fomu inayomwuliza mwombaji kazi "upendeleo wako" humshtua, "unachopendelea" lingetosha.

Kipimo kizuri cha mgawanyo huu wa mkono na hiari ni msemo "Hobson's choice". Thomas Hobson, aliyefariki mwaka 1631, alikodisha farasi mjini Cambridge. Ili farasi wazuri wasichoshwe na kila mteja, alimpa kila ajaye yule aliye karibu na mlango, huyo au hakuna. Hakuna Mwingereza anayesema "Hobson's selection" wala "Hobson's pick", kwa kuwa farasi ni mmoja na mkono hauna cha kutoa kati ya vingi. Kilichobaki kwa mteja ni kupanda au kwenda kwa miguu, na hicho bado huitwa "choice".