Ufundi wa nyumba za mawe: kijana aanzie wapi?

Ukipita vichochoro vya Kibokoni hapa Mombasa, au vya Mkomani kule Lamu, hukosi kuona nyumba ya zamani ya mawe iliyotiwa viraka vya simiti upande wa chini wa ukuta. Kiraka hupendeza mwanzoni. Baadaye hufura, kikapasuka, na kinapoanguka huondoka na kipande cha ukuta wenyewe. Ukuta wa matumbawe huvuta maji ya ardhini pamoja na chumvi, na wazee waliupiga lipu ya chokaa ili unyevu huo upate pa kutokea. Simiti huufungia ndani. Chumvi ikikauka nyuma yake hugeuka chembe ngumu, na chembe hizo hulisukuma jiwe kutoka ndani mpaka likawa unga.

Mwashi aliyetoka chuo cha ufundi hana lawama hapo. Alifundishwa tofali, nondo na simiti. Ufundi wa nyumba za mawe ni mwingine kabisa, na wanaoujua vizuri wanazidi kuzeeka. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, Fort Jesus mwaka 2011. Ni sifa kubwa, lakini cheti hakikorogi chokaa.

Anayetaka kujifunza aanze na hiyo chokaa kabla ya kugusa kitu kingine. Matumbawe huchomwa katika tanuu la kuni, moto ukafika kiasi cha nyuzi 900. Jiwe hutoka jeupe, jepesi, na lina hatari: likimwagiwa maji huchemka na kuruka. Tone moja likiingia jichoni laweza kupofusha, kwa hiyo miwani na glavu si mapambo, na ndoo ya maji safi ikae karibu. Chokaa ikishapoa huchujwa, ikawekwa shimoni chini ya maji, ikaachwa iive. Wiki kadhaa ni kiasi cha chini, miezi ni bora. Iliyoiva huwa laini kama samli na hushika mwiko. Mwanafunzi huijua kwa kidole, si kwa kuambiwa.

Kisha kuna mchanga. Wa pwani una chumvi, na anayeutumia bila kuuosha anaurudisha ukutani ugonjwa uleule aliokuja kuutibu. Kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, ila fundi mzuri hutazama mchanga wenyewe kabla ya kuamua. Ukuta huroweshwa kwanza. Lipu hupigwa kwa matabaka membamba, kila moja kama sentimita moja, na la pili halipigwi mpaka la kwanza limeshika. Chokaa haigandi kama simiti. Huwa ngumu polepole kwa kuvuta hewa, na ikikaushwa na jua upesi hupasuka. Ndiyo maana utaona magunia mabichi yametundikwa juu ya kazi mpya. Mwenye haraka hafai hapa, na mwenye nyumba mwenye haraka ndiye tatizo kubwa zaidi kuliko fundi.

Somo la pili ni boriti. Vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu mti wa mkoko haupiti urefu fulani. Upana wa chumba ulifuata upana ambao boriti yaweza kubeba, yaani chini kidogo ya mita tatu. Mkoko huuzwa kwa majina ya unene wake, kuanzia fito, pau na mazio hadi boriti na nguzo, na mwanafunzi ayajue kwa kutazama tu. Boriti huanza kuoza pale kichwa chake kinapoingia ukutani, mahali asipoona mtu. Basi fundi hugonga kwa nyundo na kusikiliza, hudunga kwa patasi, hutazama doa la maji darini. Kabla ya kutoa hata moja, dari hutegemezwa kwa nguzo, na boriti hubadilishwa moja moja.

Asiyeona umuhimu wa hayo na akumbuke Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba lililojengwa 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka wakati kazi za ukarabati zikiendelea, na watu wawili wakafariki. Nyumba ya zamani haisameheki mtu akiishika bila kuijua. Hapa kwetu nyumba nyingi zina paa linalovuja, mti unaoota ukutani na familia kubwa inayolala chini yake.

Nakshi za milango sitazikalia sana. Wachongaji bado wapo Lamu, vijana wanaingia, kwa kuwa mlango na kasha vina mnunuzi. Zidaka ndizo zilizo yatima: kuzifufua kunataka mkono wa mchongaji na subira ya mpiga lipu kwa pamoja, na ni wachache walio na vyote viwili. Binti mwenye mkono mwepesi asidhani kazi hii si yake.

Wapi pa kujifunzia? Mombasa na Lamu, Kituo cha Utamaduni wa Waswahili, kilicho chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kilianzishwa ili vijana wafundishwe kazi za mikono, useremala na uashi zikiwemo. Nenda mwenyewe ukaulize kozi zinazoendelea wakati huo. Ila njia iliyozalisha mafundi wengi zaidi ni ile ya zamani: kumfuata mzee kazini. Mwezi wa kwanza utabeba maji na kuchuja chokaa. Usione umeonewa, ndipo mkono unapofundishwa. Kubalianeni mapema kuhusu posho, mbele ya mzazi au shahidi, maana ugomvi mwingi kati ya fundi na mwanafunzi wake huanzia hapo.

Ukishaiva, tafuta karatasi. Mitihani ya ufundi ya NITA katika uashi na useremala ina daraja tatu, ya III hadi ya I, na humpokea hata aliyejifunzia kazini. Mtihani wenyewe ni wa ujenzi wa kisasa, hautakuuliza chokaa, lakini bila cheti zabuni ya serikali utaitazama kwa mbali. Jua sheria pia. Chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, jengo lililotangazwa kuwa turathi halibadilishwi bila idhini, na fundi anayebomoa kwa amri ya mwenye nyumba hujitia mashakani pamoja naye.

Kwa anayetaka kuanza mwaka huu, asubiri masika yapite. Mvua kubwa huosha lipu mbichi, na jua la kaskazi huipasua. Miezi ya kusi, kuanzia Juni hivi, hewa ni ya baridi na chokaa hutulia. Nenda na mwiko wako, timazi, miwani, na shati la mikono mirefu usilolionea uchungu.