Kurekebisha breki ya mkono

Breki ya mkono (pia: hendibreki) ni breki inayozuia gari lililoegeshwa lisiserereke. Breki ya mguu hufanya kazi kwa shinikizo la mafuta, lakini ya mkono kwa kawaida huvutwa na waya wa chuma unaofika magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo hushika hata mafuta ya breki yakivuja. Hata hivyo, waya hurefuka na viatu vya breki huchakaa, na mkono wa breki huanza kupanda juu kupita kiasi.

Dalili hupimwa kwa kuhesabu milio ya meno mkono unapovutwa. Katika magari mengi breki hushika baada ya milio 5 hadi 9. Idadi kamili imo katika kitabu cha gari.

Kosa la kawaida ni kukaza moja kwa moja nati ya waya. Kama viatu vimeisha, kukaza huficha ubovu tu, tena waya uliovutwa mno huzuia kifaa kinachosogeza viatu chenyewe. Utaratibu sahihi ni kulegeza waya, kusogeza viatu karibu na ngoma ya breki, ndipo waya ukazwe.

Gari huwekwa mahali tambarare, gia huru, na magurudumu ya mbele huzuiwa kwa vigingi mbele na nyuma. Sehemu ya nyuma huinuliwa kwa jeki, kisha hukalishwa juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi, maana inaweza kuteleza. Viatu husogezwa kwa bisibisi kupitia tundu la ngoma, kwa kuzungusha kigurudumu kidogo chenye meno, mpaka gurudumu lianze kukwaruza. Kisha hulegezwa kidogo. Baada ya waya kukazwa na mkono kushushwa, magurudumu yote mawili yazunguke bila kukwama. Yakikwama, ngoma hupata joto kali safarini na viatu huungua.

Vumbi la ndani ya ngoma lisipulizwe: viatu vya zamani huweza kuwa na asbesto.

Land Rover Defender ya zamani (iliyotengenezwa hadi 2016) ni tofauti: breki yake ya mkono hushika mhimili unaotoka kwenye gia, si magurudumu. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, gari linaweza kuserereka ingawa mkono umevutwa. Breki za kuegeshea zinazoendeshwa kwa mota ya umeme hazina waya wa kukazwa hivi, na nyingi huhitaji kompyuta ya gereji.