Miguu ya mbele ya gari inapogonga: Tambua sauti kabla ya kununua kipuri

SAUTI ya kugonga kutoka miguu ya mbele ya gari ni jambo ambalo madereva wengi wa Kakonko, mkoani Kigoma, hulizoea kama wanavyolizoea vumbi, na mazoea hayo ndiyo yenye hatari.

Barabara kuu itokayo Nyakanazi kupitia Kakonko na Kibondo hadi Kasulu ilikuwa ya udongo na changarawe kwa miongo mingi kabla ya ujenzi wa lami, na njia nyingi za kuingia vijijini bado ni za aina hiyo. Humo ndimo yanamopita magari madogo ya abiria, maarufu kwa jina la michomoko, ambayo mengi yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japan.

Gari la namna hiyo linapoanza kugonga, wengi hukimbilia kubadili shokapu. Kwa anayelazimika kuagiza kipuri kutoka Kahama au Mwanza, kubahatisha ni hasara ya fedha na ya siku za kazi. Baya zaidi, mlio wa kifaa cha bei ndogo unaweza kufanana na ule wa kifaa ambacho kikichomoka kinaweza kusababisha ajali.

Magari mengi madogo yana mpangilio wa mbele uliobuniwa na mhandisi wa Marekani, Earle MacPherson, na ambao ulionekana katika gari la Ford Consul mwaka 1950. Shokapu na springi husimama pamoja kama nguzo moja. Chini yake kuna mkono wa chuma, yaani kontroli amu, ulioshikwa na bushi za mpira upande wa bodi na boli jointi upande wa tairi. Aidha, kuna fimbo ya stebilaiza inayounganisha upande wa kulia na wa kushoto kwa linki fupi.

Sikiliza kwanza

Hatua ya kwanza ni kujua sauti inatokea wakati gani. Zima redio, fungua vioo, kisha pita taratibu katika njia mbovu ukinyoosha, ukikata kona na ukifunga breki.

Mlio mwepesi wa ko-ko-ko, unaosikika gari likienda polepole kwenye vishimo vidogo, mara nyingi ni wa linki za stebilaiza au bushi zake. Dalili yake ni kwamba huzidi tairi moja linapoingia shimoni, na hupungua matairi yote mawili yanapopanda tuta kwa pamoja, kwa kuwa fimbo hiyo haipindiki.

Kishindo kizito kinachosikika mara moja unapofunga breki au unapoondoka huelekeza kwenye bushi za kontroli amu zilizochanika. Endapo mlio unanyamaza unapokanyaga breki kidogo tu juu ya mashimo yaleyale, chunguza kwanza breki padi na kalipa.

Shokapu iliyochoka hujulikana zaidi kwa gari kuendelea kunesa baada ya tuta, kwa oili inayovuja mwilini mwake na kwa tairi linaloliwa kwa mabaka. Kukandamiza boneti na kuiachia husaidia, lakini kipimo hicho peke yake hakitoshi.

Mkwaruzo au mlio wa kukatakata unaosikika usukani unapozungushwa gari likiwa limesimama huweza kutoka kwenye maunti ya juu ya shokapu au boli jointi iliyokauka grisi. Mlio wa ka-ka-ka unaposhika kona kali huku ukikanyaga mafuta si wa miguu, bali ni wa sivi jointi. Nao mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda ni wa beringi au wa matairi yenyewe.

Kisha pima kwa mikono

Baada ya kusikiliza, simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono na uweke vizuizi nyuma na mbele ya matairi ya nyuma. Inua mbele kwa jeki na uegemeze gari juu ya stendi imara. Kamwe usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee.

Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki: kucheza kukiisha, tatizo ni beringi, kukibaki, elekea kwenye boli jointi. Sasa shika kulia na kushoto. Likicheza hapo, kagua tairodi na viungio vya usukani.

Hata hivyo, boli jointi mbovu inaweza kujificha tairi likining'inia. Ndiyo maana fundi makini hutumia mtaimbo kubinya kati ya kontroli amu na kitovu cha tairi, huku jicho likiwa kwenye kiungio. Kagua pia kava lake la mpira: likichanika, vumbi la kiangazi na tope la masika huingia na kusaga chuma.

Lipi lisubiri, lipi lisisubiri

Linki ya stebilaiza iliyolegea inaweza kusubiri kwa siku chache, ingawa gari litayumba zaidi kwenye kona. Boli jointi au tairodi inayocheza haisubiri. Boli jointi ikichomoka, tairi hulala upande na dereva hana tena uwezo wa kuliongoza gari. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuliingiza gari bovu barabarani, na gari hilo huwa limebeba abiria wasiojua chochote kuhusu mlio huo.

Wakati wa kufunga vipuri vipya, shokapu zibadilishwe pande zote mbili. Nati za bushi za kontroli amu zikazwe mwisho kabisa gari likiwa limesimama kwa uzito wake chini, kwani zikikazwa mguu ukiwa unaning'inia, mpira hubaki umejipinda na kuchanika mapema. Tairodi ikibadilishwa, mwelekeo wa matairi upimwe upya.

Dereva anayemfikia fundi akiweza kusema sauti inatoka upande gani, kwa mwendo gani na katika hali gani, amekwisha kufanya nusu ya kazi. Asiyeziba ufa atajenga ukuta, na katika ufa huu, ukuta wenyewe huenda ukawa maisha ya watu.